Chapati ya Mahindi Mezani pa Wakubwa

Katika mtaa wa Polanco, mjini Mexico City, uko mkahawa uitwao Pujol, ulioanzishwa mwaka 2000 na mpishi Enrique Olvera. Sifa zake zimefika mbali, na mgeni atakaye kula humo hulazimika kuomba nafasi muda mrefu kabla ya siku yake. Chakula kinachotajwa kuliko vyote katika mkahawa huo huletwa katika sahani isiyo na nyama, wala samaki, wala mboga. Ndani ya sahani mna mchuzi tu: duara moja la mchuzi mzito wa rangi ya giza, na katikati yake duara dogo la mchuzi mwekundu. Mchuzi wa nje ni mkongwe. Umepashwa moto na kuongezwa siku baada ya siku kwa muda uliopita siku 1,000. Ule wa ndani umepikwa upya. Pamoja na sahani huja chapati nyembamba za mahindi, ambazo kwa Kihispania huitwa tortilla. Kijiko hakihitajiwi. Mlaji hukata kipande cha chapati kwa mkono, akachovya, akala, kama alavyo mkulima wa jimbo la Oaxaca nyumbani kwake.

Bei ya chakula cha mtu mmoja mahali hapo hupita mshahara wa chini wa siku kumi katika nchi ile. Mtu mwepesi wa kucheka atauliza ni wazimu gani huu, kulipa mali nyingi hivyo kwa mchuzi na chapati. Mimi sicheki, kwa maana nina swali jingine. Miaka mia moja na kitu iliyopita, katika mji huo huo, chapati hii isingethubutu kuonekana mezani pa watu wakubwa. Ilihesabiwa kuwa chakula cha maskini, cha wapagazi na watumishi. Imefikaje hapo ilipo leo, na ni nani aliyeibeba?

Zamani haikuwa na haja ya kubebwa. Kabla ya mwaka 1521 mahali pa Mexico City palikuwa na mji wa Tenochtitlan, makao makuu ya Waazteki, uliojengwa juu ya visiwa vya ziwa. Askari mmoja wa jeshi la Hernán Cortés, jina lake Bernal Díaz del Castillo, aliandika katika uzee wake mambo aliyoyaona mjini humo. Asimulia ya kuwa mfalme Moctezuma alikuwa akiandaliwa vyakula zaidi ya namna thelathini, kila chombo kimewekwa juu ya kijiko cha makaa ya moto kisipoe. Na mara kwa mara aliletewa kinywaji cha kakao katika vikombe vya dhahabu. Katika karne hiyo hiyo mtawa Bernardino de Sahagún, akisaidiwa na wenyeji waliojua kuandika, alikusanya katika lugha ya Nahuatl habari za maisha ya watu wale, na ndani yake mna orodha ndefu ya chapati, maandazi ya mahindi yaliyofungwa majanini, na michuzi ya pilipili ya kila rangi. Nafaka ya mfalme na nafaka ya mchukuzi wake ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika kitoweo.

Hapa yanipasa kusimama kidogo, maana bila kuijua chapati yenyewe hatutaielewa safari yake. Siri yake si mahindi peke yake, bali ni kitu ambacho watu wa pwani yetu wanakijua kwa kazi ya ujenzi na tambuu: chokaa. Wameksiko hawasagi mahindi makavu kama sisi. Huyachemsha kwanza katika maji yaliyotiwa chokaa, au majivu, kisha huyaacha yalale humo usiku kucha. Kulipokucha maganda huwa yamelegea, yakaoshwa na kutoka. Punje zilizosalia, ambazo huitwa nixtamal, husagwa zingali na maji. Hupatikana donge laini, lenye kunata, liwezalo kutandazwa kwa viganja na kuokwa juu ya kikaango cha udongo pasipo mafuta hata tone moja. Unga wetu wa ugali haukubali kufanywa hivyo, hukatika-katika. Ajaribu msomaji jikoni kwao, ataona.

Lakini faida iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho. Katika mahindi makavu imo vitamini iitwayo niasini, nayo imefungwa hata mwili wa mtu hauwezi kuipata vema. Chokaa huifungua. Watu wa kale wa Meksiko na jirani zao walifanya kazi hii zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Hawakulijua jina la niasini, wala hawakulihitaji. Walijua tu ya kuwa mahindi yaliyopikwa hivi huwatia watoto nguvu.

Wahispania waliichukua mbegu, wakauacha ujuzi. Mahindi yalipoenea Ulaya, maskini wa kaskazini ya Uhispania na Italia waliyageuza kuwa chakula chao cha kila siku, bila chokaa na bila kitoweo cha maana. Ukawapata ugonjwa wa ajabu: ngozi ilibabuka, tumbo likaendesha, akili zikapotea, na mwisho mauti. Tabibu Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo huko Uhispania mwaka 1735, na baadaye ukaitwa pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua maelfu ya watu katika majimbo ya kusini ya Marekani. Daktari Joseph Goldberger, aliyepewa kazi ya kuuchunguza mwaka 1914, alishikilia ya kuwa chanzo chake ni chakula kibaya wala si vijidudu, na wengi walimpinga mpaka kufa kwake. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alithibitisha ya kuwa kinachopunguka ni niasini. Hivyo dawa iliyotafutwa na matabibu kwa miaka mia mbili ilikuwamo muda wote ndani ya chungu cha mwanamke wa Meksiko, naye hakuulizwa.

Mbegu hiyo hiyo ilifika pwani ya Afrika ya Mashariki katika zama za Wareno, nayo pia ilikuja peke yake. Sisi tulibahatika kuila pamoja na maharagwe, kunde, mboga na maziwa. Hata jina tulilolipa zao hili lageuza macho yetu upande wa Bara Hindi, ilhali nyumba yake ya kwanza ni bonde la mto Balsas, kusini ya Meksiko, ambako wakulima walilitoa katika nyasi za porini yapata miaka 9,000 iliyopita.

Turudi Tenochtitlan. Mji ulipoanguka, washindi walileta ngano. Mkate wa ngano ulikuwa chakula chao cha nyumbani, na tena ndio peke yake uliokubaliwa katika ibada ya misa. Wako Wahispania waliohofu ya kuwa mtu wa Ulaya akizoea kula mahindi mwili wake utageuka awe kama mwenyeji. Basi vyakula vikapangwa daraja kama walivyopangwa watu: ngano juu, mahindi chini. Walakini jikoni mambo hayakwenda kwa amri hiyo. Waliokuwa wakipika majumbani mwa mabwana na katika nyumba za watawa walikuwa wanawake wa nchi, na mikono yao ilichanganya yaliyotengwa mezani. Angalia mchuzi wa mole wa mji wa Puebla. Jina lake latokana na neno la Nahuatl lenye maana ya mchuzi. Ndani yake mna pilipili za aina kadha, nyanya na kakao, ambavyo ni vya nchi; mna lozi zilizoletwa na Wahispania; na mna ufuta, mdalasini na karafuu, vitu ambavyo mtu wa Mombasa au Pemba angevitambua kwa harufu kabla ya kufunua chungu. Merikebu za Manila zilizovuka bahari ya Pasifiki kwenda Acapulco tangu 1565 hata 1815 zilikuwa zikileta viungo vya mashariki. Husimuliwa ya kuwa mtawa mmoja wa kike aliubuni mchuzi huo ghafula kwa ajili ya mgeni mkubwa. Hadithi ni tamu, lakini siiamini. Mchuzi wenye vitu ishirini na zaidi haubuniwi alasiri moja na mtu mmoja, na desturi ya kusaga pilipili kwa jiwe ilikuwako kabla ya nyumba yoyote ya watawa kujengwa katika nchi ile.

Meksiko ilipata uhuru wake mwaka 1821. Mtu angetazamia ya kuwa chapati nayo ingekombolewa. Haikuwa hivyo. Wakubwa wapya walitazama Paris kama wale wa kwanza walivyotazama Madrid. Mwaka 1899 mwanasiasa Francisco Bulnes aliandika kitabu ambamo aliwagawa wanadamu wote katika mafungu matatu, watu wa ngano, watu wa mpunga na watu wa mahindi. Akasema ya kuwa watu wa ngano ndio peke yao waendao mbele kwa kweli, na kwamba mahindi ndiyo yaliyowadhoofisha wenyeji wa Amerika. Ardhi ya wenyeji ilikuwa imechukuliwa, ujira wao ulikuwa mdogo, watoto wao hawakuwa na shule; lakini bwana Bulnes aliona kosa liko katika chapati. Ni rahisi zaidi kulaumu chungu cha maskini kuliko kupima upya mashamba ya matajiri.

Septemba 1910 Rais Porfirio Díaz, aliyekuwa ametawala karibu mfululizo tangu 1876, alifanya sherehe za kutimia miaka mia moja tangu vita vya uhuru vilipoanza. Wajumbe wa mataifa walikuja. Karamu zilifuatana usiku kwa usiku, na orodha za vyakula ziliandikwa kwa Kifaransa, kwa kuwa vyakula vyenyewe vilikuwa vya Kifaransa. Wakaadhimisha uhuru wa Meksiko bila kula chakula cha Meksiko. Tena Díaz mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Oaxaca, nchi ya mole, na upande wa mama alikuwa na damu ya wenyeji. Hapana shaka utotoni alilelewa kwa chapati. Miezi miwili baada ya karamu hizo mapinduzi yalianza, na mwaka 1911 alikimbilia Ufaransa, akafia Paris mwaka 1915.

Mapinduzi yalipopoa, michoro mikubwa ya wakulima na masuke ya mahindi ilianza kuonekana katika kuta za majumba ya serikali. Lakini ukuta si meza. Katika vijiji mwanamke aliendelea kuamka kabla ya alfajiri, akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia liitwalo metate, na kusaga nixtamal muda wa saa nne, tano, hata zaidi, kila siku ya maisha yake. Wale wasifuo vyakula vya kale yafaa wakumbuke magoti hayo. Vinu vya mashine vilipoletwa katika kijiji cha Tepoztlán, miaka ya 1920, wanaume wengi walivipinga, wakisema chapati ya kinu haina ladha. Na yamkini walihofu pia wake zao watafanya nini na saa zile zilizobaki. Wanawake walishinda. Mtaalamu Oscar Lewis, aliyekiandikia kijiji hicho kitabu mwaka 1951, alikuta wenyeji wakilitaja jambo hilo kama mapinduzi ya wanawake juu ya waume zao.

Mwanamke wa mji naye alikuwa na kazi yake katika habari hii, na hapa sina budi kumtaja Josefina Velázquez de León, aliyezaliwa 1899 na kufa 1968. Alifungua shule ya upishi mjini Mexico City, kisha akasafiri jimbo kwa jimbo akifundisha na kujifunza. Alipofika mahali aliwauliza wanawake wa hapo wapikavyo, akaandika. Mwaka 1946 alitoa kitabu cha vyakula vya majimbo yote ya jamhuri. Kwa mara ya kwanza mama wa mjini aliweza kuona katika jalada moja mole za Oaxaca, samaki wa Veracruz aliyepikwa kwa nyanya na zeituni, na nguruwe wa Yucatán aliyepakwa maji ya machungwa makali, akafungwa kwa majani ya mgomba na kuokwa ndani ya shimo la moto. Vyakula vilivyokuwa vya kijiji fulani vikawa vya taifa. Baada yake alikuja Mwingereza Diana Kennedy, aliyefika Meksiko mwaka 1957 na kutoa kitabu mashuhuri mwaka 1972. Kwa maoni yangu wapishi wa kiume wenye sifa leo wamejenga juu ya msingi ambao wanawake hao waliuweka, na chini ya msingi huo wako wanawake wengine wengi ambao majina yao hayakuandikwa.

Mikahawa ilifuata polepole. El Cardenal ulifunguliwa mjini Mexico City mwaka 1969, ukajipatia jina kwa kusaga mahindi yake wenyewe. Marekani, ambako chakula cha Meksiko kilijulikana kuwa kitu cha bei rahisi cha kando ya njia, mkahawa wa Rosa Mexicano ulifunguliwa New York mwaka 1984 na Frontera Grill huko Chicago mwaka 1987, yote miwili ikiandaa vyakula vya majimbo. Hata huitlacoche ilipanda cheo. Hili ni kuvu jeusi linalovimbisha punje za mahindi shambani, ambalo mkulima wa nchi nyingine hulitupa kwa hasira. Leo matajiri huliagiza kwa jina lake la Nahuatl, pamoja na panzi wa kukaanga wa Oaxaca. Msomaji ambaye bibi yake alimkaangia kumbikumbi huko Magharibi ya Kenya hana haja ya kuelezwa utamu wao. Labda atashangaa tu kuona jinsi mdudu yule yule anavyoitwa ushamba akiwa katika kibakuli, na anavyoitwa ustaarabu akiwa katika sahani pana.

Wameksiko waliomba kwa UNESCO mara ya kwanza ya kuwa upishi wao utambuliwe, na mwaka 2005 walikataliwa. Hawakukata tamaa. Waliandika upya hoja zao, wakauweka mbele mfano wa jimbo la Michoacán, ambako wapishi wa vijiji bado wanarithishana kazi mama kwa binti. Jambo lenyewe liliamuliwa katika mji wetu wa Nairobi, ambako kamati ya UNESCO ihusikayo na urithi wa namna hiyo ilikutana Novemba 2010. Tarehe 16 ya mwezi huo upishi wa jadi wa Meksiko uliingizwa katika orodha ya urithi wa wanadamu. Katika mkutano huo huo uliingizwa pia mlo wa Wafaransa. Miaka mia moja kamili baada ya karamu za Díaz, chapati na vyakula vya Paris vilipewa heshima moja, chini ya dari moja, katika Afrika.

Heshima ni kitu chema, lakini haimlipi mkulima. Tangu mapatano ya biashara ya mwaka 1994 baina ya Meksiko, Marekani na Kanada, mahindi ya bei rahisi yaliyolimwa kwa mashine yamemiminika kutoka kaskazini, na wakulima wengi wadogo wameshindwa kushindana nayo, wakaacha mashamba. Mwanzo wa mwaka 2007 bei ya chapati ilipanda ghafula, na maelfu ya watu waliandamana mjini Mexico City. Nchi ile ina mbegu za asili za mahindi zipatazo aina 59: nyeupe, nyekundu, za buluu, na nyeusi kama makaa. Zimehifadhiwa na wakulima wenye mashamba madogo ya milimani, wengi wao wazee. Mikahawa ya fahari hujisifu kununua mahindi hayo kwa bei nzuri, na ni kweli baadhi ya vijiji vimefaidika. Walakini mikahawa ni michache na walaji wake ni wachache, na mkulima hawezi kuitunza mbegu kwa ajili ya meza chache za Polanco. Mbegu hukaa hai kwa kuliwa na watu wengi kila siku.

Mwezi wa Mei 2024 kitabu cha Michelin, ambacho Wafaransa hutumia kupimia mikahawa kwa nyota, kilitoa hukumu yake ya kwanza juu ya Meksiko. Pujol ulipewa nyota mbili. Nyota moja ilipewa kibanda kiitwacho El Califa de León, kilichoko mtaa wa San Rafael tangu 1968. Kibanda hicho hakina viti. Mteja hula amesimama. Vyakula vyake ni vya namna nne tu, vyote vya nyama iliyofungwa katika chapati ya mahindi. Tangu siku ile watu husimama mstarini barabarani, watalii pamoja na mafundi wa mtaani, na mbele ya kikaango, katika joto kali, chapati hutandazwa na kugeuzwa moja baada ya moja.